Tarikhi ya Sauti Iliyoundwa Upya

Katika miji ya Marekani iko jamii ya watu ambao, kwa muda uliopindukia nusu karne sasa, wameufanya usikilizaji wa redio za polisi, za zimamoto na za magari ya wagonjwa kuwa burudani ya wasaa wao na, kwa baadhi yao, ada isiyokatika usiku wala mchana. Chombo chao ni skana, redio ipokeayo tu wala haitumi, ambayo hupita kwa haraka juu ya orodha ya masafa, ikasimama kila inapomkuta mtu anasema, kisha ikaendelea mbele mara msemaji anyamazapo. Skana za mwanzo zilihitaji kipande cha fuwele kilichokatwa mahsusi kwa kila masafa, hata ikawa mwenye kutaka kusikiliza chaneli nane hana budi kununua fuwele nane. Katika miaka ya 1970 zikatokea zilizoweza kupangiwa masafa kwa kubonyeza vitufe, na tangu hapo burudani hiyo ikatoka mikononi mwa mafundi wachache ikaingia sebuleni kwa makarani, wastaafu na waandishi wa magazeti.

Sauti iliyosikika katika skana za zama hizo ilikuwa ya analojia, maana yake wimbi la redio lilitikisika sawasawa na mtikisiko wa sauti ya msemaji, pasi na chombo chochote katikati cha kuifasiri. Msemaji akiwa mbali, mvumo ulizidi na sauti ikafifia, walakini hata ilipofifia ilibaki kuwa yake mwenyewe, na sikio la binadamu, lililozoea tangu utotoni kumsikiliza mtu katikati ya makelele, lilijua kuyachambua maneno na kuyaacha mavumo. Msikilizaji wa miaka mingi aliweza kumtambua msimamizi wa zamu kwa sauti kabla hajajitaja, na akajua kwa namna askari anavyohema kwamba jambo lililoko mbele yake si dogo.

Hali hiyo ilianza kugeuka mwaka 1989, pale jumuiya ya watumishi wa mawasiliano ya usalama wa umma, iitwayo kwa ufupi APCO, ilipoanzisha mpango wa redio za dijitali uliokuja kujulikana kwa jina la Project 25, au P25. Mpango huo ulikuwa na sababu mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba polisi wa mji mmoja na zimamoto wa mji wa pili, wakikutana katika balaa moja, aghalabu hawakuweza kusemezana kwa kuwa redio zao zilitoka kwa watengenezaji tofauti. Ya pili ni ufinyu wa masafa: mawasiliano yalikuwa yameongezeka na anga halikuongezeka, ikabidi chaneli iliyokuwa na upana wa kilohezi 25 ipunguzwe iwe kilohezi 12.5, na Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaweka tarehe 1 Januari 2013 kuwa mwisho wa muhula kwa redio nyingi za kazi na za usalama. Sauti ya dijitali iliyobanwa sana ilionekana kuwa dawa ya maradhi yote mawili.

Skana za kwanza zenye uwezo wa kufumbua sauti ya P25 zilifika madukani mwanzoni mwa miaka ya 2000, nazo zilikuwa ghali. Wanunuzi waliambiwa, au walijiambia wenyewe, kwamba dijitali ni sauti safi isiyo na mvumo. Mvumo kweli ulitoweka. Lakini mahali pake wakakuta sauti kavu yenye kukwaruza, ambayo wasemaji wake walifanana kama ndugu wa tumbo moja, na ambayo mara kwa mara, hata kipimo cha nguvu za wimbi kilipoonyesha kimejaa, ilikatika vipande vipande, ikapiga mbinja, ikagugumia, kisha ikanyamaza kabisa. Wengi wao walidhani wameuziwa kitu kibovu, na wengine walikirudisha dukani.

Jawabu la malalamiko hayo halimo ndani ya skana peke yake, na mwenye kulitafuta hana budi kurudi nyuma miongo mingi, maana lina asili katika fikra moja ambayo wengi waliotumia vyombo hivyo hawakuelezwa. Redio ya P25 haibebi sauti ya msemaji. Inabeba maelezo ya sauti hiyo, na chombo kilichoko upande wa pili huyasoma maelezo na kuunda sauti mpya kwa mujibu wake, mfano wa fundi cherahani aliye Lamu anayepelekewa vipimo kwa barua, akashona kanzu ya mtu aliye Zanzibar ambaye hajapata kumtia machoni. Historia ya ubora wa sauti hii, basi, ni historia ya vipimo: nani alivibuni, vingapi vilitosha, vipi viliharibika njiani, na mshonaji alikuwa hodari kiasi gani.

Aliyebuni vipimo ni Homer Dudley, mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, aliyeanza kuishughulikia fikra hiyo mwaka 1928. Tatizo alilokabiliana nalo lilikuwa la gharama: nyaya za telegrafu zilizopita chini ya bahari ya Atlantiki zilikuwa finyu mno kwa mazungumzo ya simu. Dudley alitambua kwamba kinywa cha mwanadamu, ingawa hutoa sauti yenye mitikisiko maelfu kwa sekunde, chenyewe hutembea polepole. Ulimi, midomo na taya hubadilisha mkao mara chache tu kwa sekunde moja. Akasema, ikiwa tutapeleka habari za mikao hiyo badala ya mitikisiko yenyewe, waya mwembamba utatosha. Akaigawanya sauti katika mikanda kumi ya masafa, akapima nguvu ya kila mkanda, akapima pia kama nyuzi za sauti za msemaji zinatetema na kwa kimo gani, na upande wa pili akaweka mtambo wa kuunda sauti kwa kufuata hesabu hizo. Mtambo huo ndio ulioitwa vokoda.

Watu wa kawaida waliujua upande mmoja tu wa uvumbuzi huo. Katika maonyesho makuu ya New York ya mwaka 1939 walioneshwa mtambo uliopewa jina la Voder, ambao haukupokea vipimo kutoka kwa msemaji yeyote, bali ulivipata katika vidole vya mwanamke aliyeketi mbele yake: funguo kumi za mikanda kumi, kipande cha kubonyeza kwa kifundo cha mkono ili kuchagua baina ya mlio na mvumo, na kanyagio la mguu la kupandisha na kushusha kimo. Wanawake waliofunzwa kazi hiyo walihitaji mazoezi ya karibu mwaka mzima kabla mtambo haujasema sentensi mikononi mwao, na hata hapo ulisema kwa lafudhi isiyo ya mwanadamu wa taifa lolote. Lafudhi hiyo ndiyo nyanya wa ile itokayo katika skana za leo.

Vita vya Pili vya Dunia vikaichukua vokoda ikaenda sirini. Tarehe 15 Julai 1943 ilifunguliwa njia ya mazungumzo ya siri baina ya Washington na London kwa mtambo ulioitwa SIGSALY, uzito wake ukizidi tani 50, na sehemu yake ya London ikawekwa chini ya duka la Selfridges katika barabara ya Oxford. Mtambo huo ulichukua vipimo vya vokoda mara 50 kwa kila sekunde, ukakipa kila kipimo daraja moja katika madaraja sita, ukavichanganya na kelele zilizorekodiwa katika sahani za santuri zilizofanana pande zote mbili. Kwa mwenye kufuatilia ubora wa sauti, iko nukta moja katika SIGSALY inayostahili kutazamwa kwa karibu. Wahandisi waliona kwamba madaraja sita yanatosha kueleza nguvu ya kila mkanda, lakini kwa kimo cha sauti hayatoshi hata kidogo, maana sikio hugundua upesi mno kimo kinapokosewa. Wakakipa kimo njia mbili badala ya moja, ili kiwe na madaraja 36. Sikio husamehe mengi katika umbo la sauti, wala halisamehi kimo, na miaka sabini baadaye mwenye skana aliyesikia mbinja ya ghafla katikati ya neno la askari alikuwa akisikia kosa la aina ileile waliyoiogopa mafundi wa vita.

Baada ya vita wataalamu walitafuta njia bora za kueleza mikao ya kinywa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Bishnu Atal na Manfred Schroeder katika maabara za Bell, na Fumitada Itakura na Shuzo Saito huko Japani, kila upande kwa njia yake, walikuza hesabu ya kubashiri sauti ijayo kutokana na iliyopita. Katika ukoo huo ndimo zilimotoka kodeki, yaani kanuni za kubana na kufumbua sauti, za simu za mkononi. Msomaji wa Mombasa au wa Maskati aliyepata kuzungumza kwa simu ya GSM ameisikia sauti ya namna hiyo, akaizoea hata asiihisi, kwa kuwa simu hizo za mwanzo zilipewa biti 13,000 kwa sekunde za kuelezea sauti na nafasi hiyo iliwatosha wahandisi kuficha ila nyingi. Redio za askari hazikuwa na wasaa huo. Zilipolazimishwa kushuka hadi biti 2,400, kama katika kodeki ya serikali ya Marekani iitwayo LPC-10, sauti ilivuma mfululizo kama iliyosemwa na mtu aliyebanwa koo.

Sababu ya kuvuma huko ilikuwa hukumu kali mno. Wanafunzi wa lugha wanajua kwamba sauti za maneno ziko za namna mbili: ghuna, ambazo nyuzi za koo hutetema, kama irabu zote na konsonanti za mfano wa z na m, na sighuna, ambazo huwa ni pumzi tupu ikipenya, kama s na f. Vokoda za kale zilihukumu kila kipande cha wakati kuwa ghuna chote au sighuna chote, ilhali katika maneno halisi mitetemo na pumzi huchanganyika. Mtu akitamka z, chini yake mna mlio wa koo na juu yake mna mvumo wa pumzi kwa wakati ule ule. Mwaka 1988 Daniel Griffin na Jae Lim wa chuo cha MIT walichapisha kodeki iliyogeuza jambo hilo: kila mkanda wa masafa ulihukumiwa peke yake, huu ghuna, ule sighuna, na sauti ikaundwa kwa kuijaza mikanda ya kwanza milio na ya pili mivumo. Ukoo wa kodeki hiyo ukaendelezwa na kampuni ya Digital Voice Systems ya Massachusetts, na tawi lake lililoitwa IMBE ndilo lililochaguliwa kuwa sauti ya P25.

Inafaa kukifungua kipande kimoja cha sauti hiyo na kutazama kilichomo, maana ubora wote na upungufu wote umo humo. Sekunde moja ya maneno hukatwa vipande 50, kila kimoja cha milisekunde 20, na kila kipande hupewa biti 88 tu za kueleza kila kitu: kimo cha sauti, hukumu ya mikanda isiyozidi kumi na miwili, na nguvu za milio ambayo idadi yake huanzia 9 kwa sauti nyembamba hadi 56 kwa sauti nzito. Jumla yake ni biti 4,400 kwa sekunde, pale ambapo simu ya waya ya dijitali hutumia 64,000. Kwa kuwa hewa ina misukosuko, huongezwa biti 56 za hifadhi, zikawa 144 kwa kila kipande. Na hifadhi hiyo haigawanywi sawa kwa sawa. Biti 48 zilizo adhimu kuliko zote, kimo cha sauti kikiwemo, zimewekwa chini ya himaya ya kanuni ya Golay, iwezayo kusahihisha makosa matatu katika kila kundi. Biti 33 zinazofuata zina kanuni hafifu zaidi ya Hamming, ambaye naye alikuwa mtu wa maabara za Bell. Na biti saba za mwisho husafiri bila ya ulinzi wowote, kwa kuwa zikipotea hakuna asikiaye.

Kuna kilichoachwa nje tangu mwanzo, kabla hata wimbi halijarushwa. Maikrofoni ya redio hizo hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kwa sheria ya hesabu hakuna sauti ipitayo hezi 4,000 iwezayo kuingia. Mvumo wa s umeshika makazi yake zaidi juu ya mpaka huo, na wa sh uko chini kidogo. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili akitamka samba na shamba katika redio ya namna hii, kilichobaki cha kutenganisha maneno mawili hayo ni mabaki ya pumzi na akili ya msikilizaji. Simu ya waya ya kale ilikuwa na ufinyu kama huo, ila ilibeba mabaki hayo kama yalivyo. IMBE huyaeleza kwa hukumu za mikanda na makadirio ya nguvu, hivyo kile kilichokuwa kidogo hufika kikiwa kimekadiriwa pia.

Jambo zito zaidi ni kelele. Kodeki hii imebuniwa kumweleza mtu mmoja asemaye mahali patulivu. Haina msamiati wa kueleza msumeno wa injini. King'ora kikilia karibu na msemaji, chombo hukitafutia kimo kana kwamba ni koo la mtu, hukikuta, na maneno ya msemaji huzama ndani ya maelezo ya king'ora. Wazimamoto ndio waliolipa gharama ya upungufu huo. Walitoa taarifa za maneno yasiyofahamika kutoka ndani ya nyumba zinazoungua, wakiwa wamevaa barakoa za hewa huku kengele za hadhari, zile zinazolia mtu anapokaa bila kutikisika, zikipiga kelele kifuani mwao. Na chama cha kimataifa cha wakuu wa zimamoto kikaunda kikosi cha kulichunguza jambo hilo. Maabara ya serikali iliyoko Boulder, katika jimbo la Colorado, ilifanya majaribio na kutangaza matokeo yake mwaka 2008. Wasikilizaji waliketishwa, wakasikilizishwa neno moja lililopitishwa katika redio pamoja na kelele za kazini, wakatakiwa kuchagua ni lipi kati ya maneno sita yanayokaribiana kwa sauti. Katika baadhi ya kelele hizo redio za dijitali zilishindwa na analojia ya zamani waziwazi, na barakoa ikikutana na kengele ya hadhari hali ilikuwa mbaya kwa redio zote. Kutokana na hayo zikaja nasaha za jinsi ya kuishika maikrofoni na kuiepusha na kengele, na watengenezaji wakaboresha upande wa upimaji, hata redio mpya zikaweza kupima sauti vizuri zaidi bila ya kubadili lugha ya vipimo. Skana za zamani zikaendelea kuzifahamu.

Wenye skana walikuwa wameusikia upungufu huo kabla ya maabara kuuandika. Lakini wao walikuwa na msiba wa ziada usiowahusu askari. Miji mikubwa hurusha masafa yale yale kwa wakati mmoja kutoka minara kadhaa, ili askari asikose mawimbi popote alipo. Alama moja ya P25, yaani kipigo kimoja cha wimbi kibebacho biti zake, huchukua muda wa mikrosekunde 208. Msikilizaji aliyeketi nyumbani baina ya minara miwili, mmoja akiwa mbali kuliko mwenzake kwa kilomita 15, hupokea nakala ya pili ikiwa imechelewa mikrosekunde 50, yaani robo ya alama, na nakala mbili hizo zikiingia pamoja huharibiana. Redio ya askari ilikuwa imeundwa kwa ajili ya hali hiyo. Skana ya kawaida ilikuwa imerithi kipokezi cha FM cha enzi ya analojia, ambacho husoma mabadiliko ya masafa tu na kuitupa habari nyingine yote iliyomo katika wimbi. Mbele ya mawimbi mawili yaliyopishana kilikuwa kama hakioni. Ndiyo maana kipimo cha nguvu kilijaa na sauti ikavunjika. Wenyeji wa burudani hii waligundua dawa zilizowashangaza wageni: kuondoa antena nzuri na kuweka mbaya, ili mnara mmoja tu usikike, kuihamisha skana kwa hatua moja kuelekea dirisha jingine, kufunga antena ya mwelekeo na kuugeuzia kisogo mnara wa pili.

Makosa yalipozidi uwezo wa hifadhi, kilichofuata kilitegemea mshonaji. Kanuni ya IMBE inamwamuru msomaji wa vipimo, akipata kipande kilichoharibika, akirudie kilichotangulia, na uharibifu ukiendelea anyamaze. Msomaji mvumilivu mno huacha mbinja na migugumio ipite. Mkali mno hukata maneno yaliyokuwa yanafahamika. Kwa hivyo skana mbili zilizowekwa meza moja, zenye antena za aina moja, ziliweza kutoa sauti mbili tofauti za askari yule yule, na mabishano ya washabiki juu ya chapa gani ina sauti bora yalikuwa na msingi kuliko walivyojua wabishanaji wenyewe.

Mwaka 2010 mlango mwingine ukafunguliwa. Mtu aliyekataa kujitaja jina alitoa bure programu ya kompyuta iitwayo DSD pamoja na maktaba yake ya sauti, mbelib, zilizoandikwa kwa kufuata hati za kanuni zilizotangazwa hadharani, akatanguliza onyo kwamba msimbo huo ni wa kufundishia na kwamba kuutumia huenda kukagusa hataza za wengine. Mwenye kutaka kuitumia ilimpasa kwanza kuifungua skana yake ya kale. Sauti itokayo katika spika haikufaa, maana njiani huchujwa ili ipendeze sikio, na mchujo huo huzifuta ngazi nne ambazo alama za P25 hupanda na kushuka. Mshabiki alitafuta ndani ya skana mguu wa chipu utoao mawimbi ghafi kabla ya mchujo, akalehemu waya mwembamba hapo, akaupeleka katika kadi ya sauti ya kompyuta iliyopima mara 48,000 kwa sekunde. Alama 4,800 kwa sekunde, vipimo 48,000: kila alama ikapata vipimo kumi, na kutokana na kumi hizo programu iliamua ngazi.

Katika programu hiyo mshabiki aliweza, kwa mara ya kwanza, kugusa ushonaji wenyewe. Sauti za sighuna, ambazo mitambo rasmi huziunda kwa kelele halisi zilizochujwa, mbelib iliziunda kwa kujumlisha milio kadhaa yenye mianzo ya kubahatisha, na mtumiaji alipewa hiari ya kuchagua idadi yake. Milio ikiwa michache, s ilisikika kama mlio wa chuma. Ikizidishwa, ilikaribia kuwa pumzi, ila kompyuta ilitaabika zaidi. Wale waliosema kwamba sauti ya DSD ina ukali usiokuwemo katika redio ya kiwandani walikuwa wakisema kweli, na sababu yake kubwa ilikuwa hapo. Maelezo yaliyopokewa yalikuwa yale yale biti kwa biti. Mkono wa kuunda ndio uliotofautiana. Wasioridhika walinunua vifaa vya USB vyenye chipu ya kampuni iliyobuni kodeki, wakaiachia hiyo iwashonee.

Baada ya hapo maendeleo yalikwenda mbio. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba kifaa kidogo cha kupokelea televisheni, kilichouzwa kwa bei ya chini, kinaweza kuipa kompyuta wimbi lote la redio likiwa zima pasi na kupitia kipokezi cha FM, na haja ya kulehemu ikatoweka. Programu za OP25 na SDRTrunk, zikilisoma wimbi zima, zikaweza kushughulika na mawimbi ya minara iliyopishana. SDRTrunk kwa tahadhari ya hataza ikamwachia kila mtumiaji kujijengea mwenyewe maktaba ya sauti. Mwaka 2018 kampuni ya Uniden ilitoa skana ya mkononi SDS100 iliyofuata njia hiyo hiyo, na watu waliokwisha kukata tamaa na minara ya miji yao wakasikia sentensi kamili. Sambamba na hao, mhandisi David Rowe wa Australia alikuwa tangu mapema akijenga Codec 2, kodeki huru isiyo na mmiliki, ili wapenzi wa redio wasiwe tena mateka wa chipu ya kampuni moja.

Hata hivyo vipimo vyenyewe vilizidi kupunguzwa. Hatua ya pili ya P25, pamoja na redio za DMR zilizotumika katika biashara ulimwenguni, hugawa chaneli moja ya kilohezi 12.5 kwa mazungumzo mawili yanayopokezana zamu, na kila moja hupata biti 2,450 tu za sauti kwa kodeki ya AMBE+2. Ni ajabu ya fani hii kwamba, kwa ustadi wa miaka iliyopita katikati, nusu hiyo husikika karibu sawa na IMBE ya mwanzo mahali palipo na utulivu. Palipo na makelele, upungufu hurudi.

Tarikhi hii inatufundisha kwamba sauti ya dijitali inaweza kupotea mahali patatu, na kila zama imelaumu mahali pamoja na kusahau pengine. Inapotea kwenye maikrofoni, ambako kodeki hulazimika kumweleza mtu na kelele zake kwa lugha ya mtu peke yake; hapo msikilizaji hana la kufanya, na waliostahili kupiga kelele, wakapiga, ni wazimamoto. Inapotea angani, na hapo dawa ilipatikana vipokezi vilipoanza kulisoma wimbi zima. Inapotea katika kuundwa, na hapo mtu mmoja asiyejulikana alionyesha kwamba hata mkazi wa kawaida anaweza kuuchunguza mkono wa fundi. Mahali pa nne hapamo katika elimu ya sauti: idara nyingi, ile ya polisi wa New York ikiwemo tangu mwaka 2023, zimeanza kuyafunga mazungumzo yao kwa msimbo wa siri, na kwa skana mazungumzo hayo hayana ubora mzuri wala mbaya. Lakini kwa yale yaliyobaki wazi, mwenye kulalamika kwamba skana yake ina sauti mbaya atapata faida kubwa akianza kwa kuuliza ni mahali papi kati ya hapo patatu, kwa kuwa spika mpya na antena ndefu, ambazo ndizo watu hukimbilia kununua kwanza, hazitibu hata mahali pamoja.